Upande wa Mwalimu Mbarouk

Siku mliyoniaga pale bwaloni, baada ya soda na ile hotuba iliyonisifia mambo ambayo sikuyafanya, watatu kati yenu mlinifuata nje mkaniomba niwaandikie kidogo jinsi tulivyofanya kazi zamani. Nilidhani ni adabu tu ya kumuaga mzee. Sasa mmenipigia simu mara mbili, basi haya, nimekaa. Vyeo sitaviandika, maana nilivyopata vilikuwa vichache na nilivyokosa nilistahili kuvikosa. Mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika habari za chaki, za mdahalo, na za mtu mmoja niliyemkosea. Habari za huyo mtu hamkuniomba, ila ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Nilifika Mbinga nikiwa kijana wa Singida, mwalimu wa historia na uraia, na koti moja jembamba la kuazima kwa binamu yangu. Kwetu baridi ni jambo la alfajiri. Huku niliikuta mchana kweupe, imekaa kabisa kama mwenyeji. Shule ilikuwa kilimani upande wa Matiri, kahawa kila unapotazama, na miteremko yote imechimbwa mashimo yaliyopangwa safu kwa safu. Mimi, mtu wa tambarare, sikuwahi kuona kitu kama kile. Nikamwuliza mwalimu aliyenipokea, kwa sauti ya chini ya kupeana pole, mbona watu wanakufa wengi hivi mpaka makaburi yamefika mlimani. Alicheka hadi akakaa chini. "Hilo ni shamba, kijana! Hizo ni ngolo. Mashimo yanashika maji, udongo usiteremke bondeni." Utani huo umenifuata miaka yote. Hata siku mnaniaga kuna mmoja wenu aliusema, na nimemjua ni nani.

Aliyecheka vile alikuwa Mwalimu Hyera, na ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni nilipewa cheti tu. Hyera ndiye aliyenifundisha kuvunja chaki katikati kabla ya kuandika, kwa sababu ikiwa nzima hupiga kelele ubaoni na darasa zima husaga meno. Alinifundisha kuacha robo ya ubao upande wa kulia iwe wazi kwa maswali ya wanafunzi. Nilikuwa najaza ubao wote, naona fahari. Siku moja akaingia, akatazama, akasema, "Mwalimu, hapa wao wataandika wapi?" Akatoka. Tangu siku hiyo robo ile nimeiacha wazi, na naona wengi wenu mnaijaza.

Tena alinionya kwamba Kiswahili changu ni cha haraka. Watoto wa huku nyumbani wanasema Kimatengo, wale wa ziwani wanasema Kinyasa, na kuna wanaotoka Litumbandyosi na lugha yao nyingine. Kiswahili wanakikuta shuleni, sokoni na kanisani. "Usianze na serikali," aliniambia. "Anza na mfereji wa maji. Nani anaulinda, nani anafungua kwanza, nani akivunja sheria anafanywaje. Serikali wataikuta humo humo." Nimefundisha uraia hivyo mpaka siku ya mwisho. Wakaguzi wawili walinikosoa kwa kutofuata andalio la somo, na mmoja alisahau kuondoka mpaka kipindi kikaisha.

Lakini kitu alichokipenda Hyera kuliko vyote ni mdahalo. Ijumaa mchana, rimu ya gari ikigongwa mara tatu, shule nzima bwaloni. Wanafunzi walishindana kidato kwa kidato. Na mara moja kwa muhula, wakasimama walimu wawili kushindana wenyewe kwa wenyewe, na hiyo siku hakuna aliyeugua wala kuomba ruhusa. Upande wa kutetea na wa kupinga walimu hawakuchagua. Hyera alikuwa na kikombe cha bati na ndani yake punje mbili za kahawa, moja mbichi na moja ya kukaanga. Wasemaji wawili wanaingia stoo ya vitabu, wanafunga mlango, wanafumba macho, kila mmoja anachota. Mbichi anatetea hoja, ya kukaanga anapinga. Na sharti lilikuwa moja. Jambo la punje halitoki stoo. Baada ya mdahalo hakuna kusema "yalikuwa maneno tu, mimi siamini hivyo." Nilimwuliza kwa nini. Akasema mtoto akijua mwalimu wake amesimama nusu saa akisema asichokiamini, atajifunza uongo, lakini akidhani anakiamini atajifunza kujenga hoja. Niliona ni hekima kubwa. Sasa nina mashaka nayo, lakini kosa si la Hyera, Mungu amrehemu.

Hyera alipostaafu kikombe kikabaki kwangu. Walimu wapya walikuja wengine hawataki kushindana, wanaogopa kuchekwa na wanafunzi. Wakadhani sisi tunaosimama tunachagua pande zetu. Mwishowe tukabaki wawili tu tunaojua siri ya punje, mimi na Mbarouk.

Mwalimu Mbarouk alikuwa wa hesabu. Mzaliwa wa Pemba, aliyelelewa na mjomba wake Tanga, akasomea bara, akaajiriwa bara. Siku ya kwanza alishuka kwenye gari amejifunga shuka kiunoni juu ya suruali, akanitazama, akasema, "Yakhe, huku Mungu kasahau kufunga mlango?" Tangu hapo tukawa marafiki. Yeye aliniita mchimba makaburi, mimi nikamwita mgeni wa karafuu. Alifundisha hesabu kama anayesimulia kisa cha jirani. Wanafunzi waliokuwa wakitoroka vipindi vyote vya mchana walirudi kwa ajili ya kipindi chake, wakamaliza, wakatoroka tena.

Akampenda Oliva, binti wa Kingerikiti, aliyekuwa akifanya kazi ya ushonaji hapa karibu na shule. Mimi ndiye niliyekuwa mshenga. Baba yake Oliva alikuwa mzee wa kahawa na wa kanisa, mpole, lakini hakuficha hofu yake. "Mwalimu," aliniambia, "dini tutaelewana, kila mmoja asali kwake. Mimi nauliza jambo moja. Mtu wa kisiwani huyu, siku akitaka kurudi kwao, mwanangu nitampata wapi?" Nikamjibu nimekaa wima kabisa, "Mzee, huyu haendi popote. Mimi ndiye nakuambia." Mzee akatoa binti. Wakakaa katika nyumba ya walimu iliyo jirani na yangu, miaka kumi na miwili, wakapata mtoto wa kike, Zuhura. Oliva aliniita shemeji, na mboga zilivuka ua bila kuulizana.

Basi ikafika miaka ile ambayo redioni habari ilikuwa moja tu, Uingereza kujitoa katika umoja wa nchi za Ulaya. Kila taarifa ya habari, kujitoa, kujitoa. Ofisini walimu wakagawanyika kana kwamba wana shangazi London. Mwalimu wa jiografia akasema watakosa samaki. Wa biashara akasema watakosa wanunuzi. Mtunza stoo, aliyekuwa mtu wa Mbamba Bay, akasema yeye haoni shida, mbona Nyasa ilitolewa ndani ya Mbinga ikawa wilaya yake na jua linaendelea kuchomoza. Hapo kelele zikazidi, kwa sababu huo mgawanyo ulikuwa bado una vidonda. Nani alichukua madawati, nani alibaki na gari la wagonjwa, kwa nini mtu wa Kingerikiti afuate karatasi ziwani wakati amezoea kupanda Mbinga mjini.

Nikaona hii ndiyo hoja ya muhula. Nikaibandika ubaoni kwa mkono wangu: Nchi inayoona inapunjwa katika muungano ijitoe, hata kama kujitoa kuna hasara. Mbarouk akaisoma mara mbili, akajikuna kidevu.

"Yakhe, hoja hii ina miba."

"Ni ya Ulaya hiyo."

"Ya Ulaya sawa. Na anayeisikiliza yuko Ulaya?"

Nikamwambia aache woga. Kumbe woga ulikuwa wangu. Ijumaa tukaingia stoo, tukafunga mlango, tukafumba macho. Nilipofumbua, kiganjani mwangu kulikuwa na punje mbichi. Ilikuwa zamu yangu kusimama mbele ya shule nzima kusema nchi ijitoe.

Niseme ukweli, niliogopa. Mimi ni mwalimu wa uraia, nimeajiriwa kuwaeleza watoto faida za kuungana. Nikafikiri, akitokea mzazi mmoja akapeleka maneno, nitaitwa nijieleze, na nimebakiza miaka michache tu. Nikamwambia Mbarouk tubadilishane.

Akanitazama. "Wewe ukisema, watasema Ntandu anachekesha watu. Nikisema mimi, mtu wa Pemba, watasema Mbarouk kalitoa la moyoni."

"Watoto hawa? Wanajua nini?" nilisema. "Na hoja hii itakutoka vizuri kuliko mimi. Nisaidie, ndugu yangu."

Alicheka, akachukua punje kiganjani mwangu, akanipa yake ya kukaanga. Hakuuliza tena. Ndivyo alivyokuwa, ukimwambia nisaidie, mazungumzo yameisha.

Mimi nilizungumza vizuri, kama mtu mwenye usalama. Nikawaeleza hasara. Nikawauliza, mpaka ukiwekwa leo mahali ambapo jana hapakuwa na mpaka, bibi aliye upande huu na mjukuu aliye upande ule wataonana kwa barua? Mgonjwa aliyezoea hospitali ya ng'ambo atapokelewa kama nani? Mwanafunzi aliyeanza masomo huko, cheti chake kitasomwa na nani? Nikawatolea mfano wa mama mjamzito wa ziwani ambaye wilaya zilipogawanywa alibishaniwa njiani apelekwe wapi. Nikaketi nimeridhika.

Akasimama Mbarouk. Kwanza alivua koti, akalitundika kwenye kiti taratibu, watoto wakaanza kucheka kabla hajasema neno. "Mheshimiwa mwenyekiti," akaanza, "Mwalimu Ntandu ametuhesabia hasara za kutoka. Mimi ni mwalimu wa hesabu, namwuliza, hasara za kukaa amezihesabu lini?" Bwalo likalipuka. Akaendelea. Aliyevaa kiatu kinachombana haulizwi kwanza bei ya kiatu kipya, huulizwa anatembeaje. Nyasa ilipotoka Mbinga mlisema watakufa njaa. Mwenye jamaa aliyekufa na asimame. Hakusimama mtu, hata waliotoka ziwani walikuwa wanapiga meza. Kisha akashusha sauti, na hapo ndipo aliposema maneno yaliyomponza. "Muungano ni wa watu wanaotaka kukaa. Hata ndoa ni hivyo. Mke anayebaki kwa sababu tu hana nauli ya kurudi kwao, au mume anayebaki kwa sababu anaogopa watu watasema nini, ile mnaiita ndoa? Afadhali atoke apate hasara, lakini atoke mtu mzima."

Kura zilipigwa kwa mikono. Sikuhitaji kuhesabu. Nilishindwa vibaya, na wanafunzi wakambeba Mbarouk juu juu mpaka mlangoni. Nilipiga makofi, lakini moyoni nilikereka. Nilishindwa kwa hoja ambayo ilikuwa yangu, na aliyenishinda haiamini hata kidogo. Mbarouk ndiye mtu aliyekuwa akigombana na redio kila asubuhi kwamba Waingereza wamepoteza akili.

Jumatatu maneno yalikuwa yamefika sokoni. Katika maneno hayo Ulaya haikuwamo tena. Mwalimu wa Pemba amesema kisiwani wajitoe. Amesema mbele ya watoto. Mwingine akaongeza kwamba amesema hata ndoa yake ataitoka akipata nauli. Watu wa huku si wabaya, ila neno likishapanda kilima halishuki vile vile.

Mkuu wa shule, aliyekuwa mgeni na mtu wa tahadhari, akaniita. Aliniuliza swali moja. "Mwalimu Ntandu, wewe ndiye msimamizi wa mdahalo. Ule upande alipangiwa au alisimama mwenyewe?" Nilikuwa na jibu la maneno matatu: tulichota, nikaogopa, tukabadilishana. Hesabuni mtakavyo, halikuwa refu. Nikamwambia, "Mkuu, taratibu zetu za mdahalo haziruhusu kuyazungumza hayo nje." Akaniangalia, akaandika kitu, akaniruhusu niende. Nilitoka nikijisifu moyoni kwamba nimeilinda kanuni ya Hyera. Mtu mwoga hakosi kanuni ya kujifunika.

Nilimkuta Mbarouk anasahihisha madaftari. Nikamweleza. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Mimi nikisema tulibadilishana, utaulizwa wewe uliogopa nini," alisema. "Kwa hiyo sisemi. Ukitaka kusema, sema wewe. Mdomo wako huo." Akarudi kwenye madaftari yake. Nikasema nitasema, wiki hii hii, nasubiri tu mambo yapoe.

Alhamisi akaja Oliva.

Alinikuta barazani mbele ya ofisi, dirisha la mkuu wa shule liko wazi hatua tatu nyuma yangu. Hakuwa amevaa nguo za kutoka, alikuwa na kitenge cha jikoni na sindano bado imechomekwa kifuani. Akanisalimia kama kawaida, kisha akasema, "Shemeji, nina swali, na naomba unijibu kama ulivyomjibu baba siku ile. Watu wamenieleza aliyoyasema mume wangu. Nimemwuliza. Anasema hakuchagua, eti mnaokota kahawa kwenye kikombe. Mambo ya kahawa gani hayo? Mimi miaka kumi na miwili sijawahi kuyasikia. Nikamwambia usinifanye mtoto. Akasema, nenda kamwulize Ntandu. Ndiyo nimekuja. Alisimama upande ule kwa kupenda kwake?"

Niliona kivuli cha mkuu kinasogea dirishani. Labda alikuwa anafunga pazia tu. Sijui hadi leo.

"Shemeji," nikamjibu, "katika mdahalo kila mtu husimama upande wake."

Nilisema hivyo. Neno kwa neno. Alikaza kitenge chake. "Basi kumbe," alisema. "Asante, Mwalimu." Siku zote aliniita shemeji, ila siku hiyo akaondoka akiniita Mwalimu.

Wenzangu, mimi nimefundisha watoto maelfu kwamba raia mwema hutoa ushahidi anapoulizwa. Nimesahihisha jibu hilo kwa wino mwekundu, nimelipatia alama. Na mimi nilipoulizwa, na mtu niliyemwozesha mwenyewe, sikulitoa.

Haukupita muda barua ya uhamisho ya Mbarouk ikaja. Katavi. Iliandikwa ni kwa mahitaji ya ikama, na pengine ilikuwa kweli, walimu wa hesabu wanatafutwa kila mahali. Sitamshika mtu kwa nisilolijua. Ninachokijua ni kwamba mke angeweza kumfuata. Walimu wanahama na wake zao kila mwaka, wanafunga magodoro na kuku na kwenda. Oliva hakwenda. Alisema mama yake ni mgonjwa, na kweli alikuwa mgonjwa, lakini mgonjwa alikuwa na mabinti wengine watatu. Nilimsaidia Mbarouk kupakia mizigo. Alipakia nusu ya vyombo. Nilimwambia, "Ndugu yangu, nitazungumza naye." Akafunga kamba ya mwisho, akasema, "Alikuja kwako, yakhe. Ameshazungumza nawe." Akapanda gari. Hatukuwahi kuonana tena. Mwanzoni nilimpigia simu, akapokea, tukaulizana hali ya hewa. Baadaye nikaacha, maana mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia ile adabu yake.

Oliva akarudi Kingerikiti na Zuhura. Nikasikia baadaye kwamba mambo yalimalizwa, kila mtu na lake, na kwamba Mbarouk ameoa huko huko Katavi. Mzee wa kahawa alifariki. Nilikwenda mazishini, nikakaa nyuma, nikatoka kabla ya chakula.

Mdahalo wa walimu niliufuta. Mnaponiuliza kwa nini shule yetu haina, jibu ndilo hilo. Niliwaambia ni muda hautoshi.

Mwezi mmoja baada ya nyinyi kuniaga nilikwenda Kingerikiti. Nilijiambia sasa sina cha kuogopa, hakuna wa kuniita nijieleze. Nilimkuta Oliva uani kwake, kwenye kichanja cha kahawa, anageuza buni zilizotandazwa juani na kuondoa zilizovunjika. Amenenepa kidogo, nywele zimeanza mvi pembeni. Zuhura anasoma chuo Songea, na akanieleza hilo kwa furaha. Akaniletea kigoda, akaniletea maji, akaendelea na kazi yake, kwa sababu mawingu yalikuwa yanakusanyika na kahawa hainyeshewi.

Nikamweleza yote. Kikombe, stoo, punje mbichi, woga wangu, namna nilivyomwomba Mbarouk anisaidie na namna alivyocheka akapokea. Nikamweleza alivyokataa kunitaja. Nikamwambia Mbarouk hakuamini hata neno moja la siku ile. Yale ya ndoa aliyasema ili ashinde tu, maana ndivyo tulivyofundishwa kushinda, na mimi nilijua hivyo siku Oliva aliponiuliza barazani. Nilimwomba msamaha. Nililia pia, sitawaficha.

Yeye hakulia. Mikono yake iliendelea kugeuza kahawa, polepole, kisha ikaacha.

"Siku ile nilipokuja kwako," alisema, "ungesema neno moja tu, nilikuwa naenda naye. Hata Katavi, hata wapi. Fununu za uhamisho tulikuwa tumeshazisikia. Nilikuwa nimeshamwambia dada aje kumwuguza mama."

"Najua nimekukosea, shemeji."

"Hapana, ngoja." Alikaa kwenye ukingo wa kichanja. "Mwalimu, mimi miaka hii nimeishi vizuri, usidhani. Watu walikuwa wakinionea huruma, mimi nawaambia, nisikitike nini, mwanamume aliyenikataa mbele ya watoto wa shule? Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilinisaidia. Nililima nayo, nilimsomesha mtoto nayo. Alipiga simu mwaka mzima anataka turudiane, sikupokea. Alimtuma kaka yake kutoka Tanga mpaka hapa, huyo kaka alikaa kwenye kigoda hicho hicho ulichokalia, nikamwambia rudi, kamwambie nimepata nauli."

Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye turubai. Hakunyanyuka.

"Miaka yote nilijua niliachwa," alisema. "Leo umekuja kuniambia kumbe mimi ndiye niliyeacha."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilikuwa nimejiandaa hata kufukuzwa, lakini hilo sikuwa nimelifikiria kabisa njia nzima. Nilinyanyuka nikashika ncha moja ya turubai ili tufunike kahawa. Akaichukua mkononi mwangu kwa upole, akasema, "Acha, Mwalimu, nitafanya mwenyewe. Wahi gari."